Wilaya 14 Zisizo na Mkuu wa Wilaya

MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji wa Kasulu aliyetaka kujua nchi ndogo za Bahari ya Pasifiki, niliandika kwamba Yaren ni "mji mkuu wa Nauru na makao ya mkuu wa wilaya". Sentensi hiyo moja ilibeba makosa mawili, na wasomaji wa Kigoma na Tabora si watu wa kunyamazia kosa. Barua zilizofuata zimetosha kujaza safu nzima, kwa hiyo wale walioniuliza juu ya mwezi na majira ya kumbikumbi naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Ujiji. Katika mashindano ya chemsha bongo baina ya shule mbili, mwanafunzi wangu aliulizwa mji mkuu wa Nauru, naye akajibu kwamba nchi hiyo haina mji mkuu. Msimamizi alimnyima alama, na ili kumaliza ubishi akainua nakala ya gazeti lenu mbele ya ukumbi. Tulishindwa kwa alama hiyo moja na mtoto alirudi nyumbani akilia. Tafadhali tuambie ukweli ni upi. Na ikiwa kweli hakuna mji mkuu, wilaya za nchi hiyo zinaongozwa kutoka wapi, na nani anaziongoza?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Nauru haina mji mkuu rasmi. Bunge, ofisi nyingi za serikali na uwanja wa ndege vipo Yaren, ambayo ni wilaya iliyo kusini mwa kisiwa na ambayo zamani ilijulikana kama Moqua. Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya ramani, vikitafuta jina la kujaza kwenye safu ya "mji mkuu", huandika Yaren, na watu kama mimi tunanakili bila kuuliza. Lakini Yaren si mji. Ni sehemu ya kisiwa ambacho nyumba zake zimefuatana kando ya barabara moja tangu unapoanza safari hadi unaporudi ulikoanzia, na mgeni asipoonyeshwa hatajua ni wapi Yaren imekwisha na Boe imeanza. Hata njia ya kurukia ndege haikujali mpaka huo, maana imelala juu ya wilaya zote mbili.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tuupime ukubwa wa nchi yenyewe. Nauru yote ina kilomita za mraba 21, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 10,084. Manispaa ya Kigoma Ujiji peke yake ina watu zaidi ya laki mbili. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba zaidi ya 70,000, maana yake ni kwamba ungeweza kuipanga Nauru ndani ya Tabora zaidi ya mara 3,000 na bado pakabaki mahali pa kuning'iniza mizinga ya nyuki. Barabara inayozunguka kisiwa kizima ina urefu wa yapata kilomita 19, yaani haimzidi sana mtu anayetoka stesheni ya Kigoma akaenda Ujiji, akanunua mahitaji yake na kurudi.

Katika nafasi hiyo kuna wilaya 14. Tujaalie umepanda bodaboda mlangoni pa uwanja wa ndege wa Yaren, ukamwambia kijana azunguke kisiwa huku bahari ikibaki mkono wa kushoto. Utaingia Boe, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwa eneo, ikiwa na takriban nusu kilomita ya mraba. Kisha utafika Aiwo, upande wa magharibi, penye bandari na mitambo mirefu ya kupakilia melini fosfeti, yaani jiwe la kutengenezea mbolea, na penye kilima kiitwacho Command Ridge, ambacho ni miongoni mwa sehemu za juu kabisa za nchi ingawa kimo chake ni kama mita 70 tu. Juu yake Wajapani waliacha mizinga yao ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya Aiwo utapita Denigomodu, ilipo hospitali ya taifa na ambako kampuni ya fosfeti ilijenga makazi ya wafanyakazi waliotoka Kiribati, Tuvalu na China, na kwa sababu ya makazi hayo ikawa wilaya yenye watu wengi kuliko zote. Kijana atakupitisha Nibok, Uaboe, Baiti na Ewa, kila moja kwa muda usiotosha kumaliza maongezi. Kaskazini kuna Anetan, kaskazini mashariki kuna Anabar, kisha Ijuw, ambayo sensa ile ya 2011 ilikuta wakazi wake hawafiki 200. Utashuka na ghuba ya Anibare upande wa mashariki, uvuke Meneng, na kabla injini haijapata joto sawasawa utakuwa umerudi Yaren.

Hapo umehesabu 13. Ya 14 ni Buada, nayo hukuiona kwa sababu haina pwani. Ukitaka picha ya ramani, nenda sokoni kwa wanaouza mananasi uombe kipande kimoja cha duara. Wilaya za pwani ni kama vipande vilivyokatwa kutoka ukingoni kuelekea ndani, vipana kwa nje na vyembamba kwa ndani, na Buada ndiyo kile kiini, isipokuwa katika nanasi hili kiini kimesogea kuelekea kusini magharibi. Katikati ya Buada kuna ziwa dogo lenye maji ya chumvi kidogo, na hilo nitalirudia katika barua nyingine hapa chini, kwa maana linastahili zaidi ya sentensi moja.

Sasa, nani anaongoza wilaya hizo? Hapa ndipo kosa langu la pili lilipokuwa, na nadhani ndilo kubwa kuliko la kwanza. Mtanzania akisikia neno wilaya, mawazo yake huona bendera mbele ya ofisi, mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, madiwani, tarafa, kata, na mtendaji wa kijiji mwenye mhuri mfukoni. Mwaka 2012, mkoa wa Kigoma ulipopata wilaya mpya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza, watu walishangilia kwa sababu huduma na ofisi zingesogezwa karibu nao. Wilaya ya Nauru haina lolote kati ya hayo. Haina mkuu wake, haina halmashauri yake, haina bajeti yake wala mkurugenzi wake. Barabara, shule, maji na hospitali ni kazi ya serikali kuu moja kwa moja, na hakuna ngazi ya utawala baina ya mkazi wa Ijuw na waziri.

Haikuwa hivyo sikuzote. Wakati kisiwa kilipokuwa chini ya utawala wa Australia kulikuwa na Baraza la Machifu waliotoka wilayani, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu, na mtawala hakulazimika kusikiliza. Mwaka 1951 baraza hilo lilipisha Baraza la Serikali ya Mitaa la Nauru, ambalo wajumbe wake walichaguliwa kwa kura za wananchi. Hammer DeRoburt, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo, alianza kujulikana humo, na mwaka 1956 akawa Chifu Mkuu. Angalia tena jina lenyewe, Mwalimu: lilikuwa baraza moja la kisiwa kizima, wala si mabaraza 14. Wilaya zilipeleka wajumbe, hazikujitawala. Baraza hilo nalo lilivunjwa katika miaka ya 1990, na tangu hapo serikali imekuwa moja tu.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Safu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, ninaishi Isevya, Tabora. Ikiwa wilaya za Nauru hazina mkuu wala halmashauri, basi zina faida gani? Na je, kila wilaya ina mbunge wake? Baba anasema nchi yenye watu wachache kama kata zetu mbili haiwezi kuwa na Bunge.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba kwamba Bunge lipo, lina wabunge 19, na ndilo linalomchagua Rais kutoka miongoni mwa wabunge wenyewe. David Adeang, ambaye Bunge lilimchagua kuwa Rais mwezi Oktoba 2023, ni mbunge wa jimbo la Ubenide. Na hilo Ubenide ndilo litakalotuingiza katika swali lako, maana ukiitafuta wilaya yenye jina hilo kwenye ramani utazeeka hujaiona.

Wilaya 14 zimekusanywa katika majimbo 8 ya uchaguzi. Aiwo, Boe, Buada, Meneng na Yaren kila moja ni jimbo kamili. Anetan imeunganishwa na Ewa. Anabar imechukua Ijuw na Anibare. Zile nne zilizobaki upande wa magharibi na kaskazini magharibi zimefungwa pamoja, na kwa kuwa hakuna iliyokubali kumezwa na jina la mwenzake, wamekata vichwa vya majina na kuvishona: U ya Uaboe, Be inayotokana na Baiti, Ni ya Nibok na De ya Denigomodu. Sisi tulioshona Tanganyika na Zanzibar hatuwezi kuwacheka. Ubenide ina wabunge 4, Meneng ina 3, na kila jimbo lililobaki lina 2. Jumlisha utapata 19.

Zamani walikuwa 18, na idadi hiyo iliwatesa. Mwaka 2010 wabunge waligawanyika 9 kwa 9, wakashindwa kuunda serikali, wakarudi kwa wapiga kura, na uchaguzi huo nao haukuumaliza mkwamo. Katika uchaguzi wa 2013 Meneng iliongezewa kiti kimoja ili hesabu iwe isiyogawanyika kwa mbili. Dawa yenyewe ilikuwa kiti kimoja cha mbao, na ninakiri kwamba napenda matatizo ya kisiasa yanayotibika kwa fundi seremala.

Namna wanavyopiga kura nayo ni ya kwao. Kila raia aliyefikisha miaka 20 analazimika kupiga kura, na haweki alama ya vema kwa mtu mmoja kama tufanyavyo. Anawapanga wagombea wote wa jimbo lake kwa namba, kuanzia anayempenda zaidi hadi wa mwisho. Aliyepewa namba 1 anapata alama nzima, wa namba 2 anapata nusu, wa namba 3 theluthi, wa namba 4 robo, na kuendelea hivyo. Mpango huo ulianza kutumika mwaka 1971 na huitwa kwa jina la Desmond Dowdall, mtu wa Ireland aliyeubuni.

Chukua daftari tufanye hesabu. Tuseme jimbo lina viti viwili, wagombea watatu na wapiga kura saba. Wagombea ni Mvuvi, Mwalimu na Mrina Asali. Wapiga kura watatu wamepanga Mvuvi, Mwalimu, Mrina Asali. Wawili wamepanga Mrina Asali, Mwalimu, Mvuvi. Wawili wa mwisho wamepanga Mwalimu, Mvuvi, Mrina Asali. Kwa mtindo wetu wa kuhesabu chaguo la kwanza tu, Mvuvi ana kura 3, na wenzake wamefungana kwa kura 2 kila mmoja, hivyo kiti cha pili kingebaki na mgogoro. Kwa mtindo wa Nauru, Mvuvi anapata 3, akaongezewa theluthi mbili kutoka kwa wale waliomweka mwisho na alama 1 kutoka kwa wale wawili waliomweka katikati, jumla 4 na theluthi mbili. Mwalimu anapata 2 za kwanza, pamoja na nusu tano, jumla 4 na nusu. Mrina Asali ana 2 za kwanza na theluthi tano, jumla 3 na theluthi mbili. Viti vinakwenda kwa Mvuvi na Mwalimu, na Mrina Asali anarudi kwenye mizinga yake.

Katika jimbo ambamo wagombea wote ni majirani na wengi wao ni ndugu, na ambamo vyama vya siasa havina nguvu ya maana, mtu akiwekwa wa pili na watu wengi ana heshima kuliko anayependwa sana na ukoo wake na kuwekwa mkiani na watu wengine wote. Hiyo ndiyo faida ya wilaya uliyoniuliza, mwanangu: inaamua unapigia kura wapi, na unampanga nani mbele ya nani.

SWALI: Bwana Mwandishi, mimi ni mstaafu wa reli, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Sielewi ni nani aliyekata kisiwa cha kilomita 21 vipande 14. Wajerumani waliotujengea reli hii ndio waliofanya hivyo? Na nyota ya bendera yao nimeihesabu, ina ncha 12. Mbona si 14?

JIBU: Mzee wangu, umeuliza maswali mawili ambayo jibu lake ni moja, na jicho lako ni kali kuliko la wengi wanaochora bendera hiyo.

Wajerumani walikuwapo, hilo ni kweli. Waliitwaa Nauru mwaka 1888, katika miaka ileile ambayo walikuwa wakijipenyeza huku kwetu, na walipofika walikuta wenyeji wamo katika vita vya wao kwa wao vilivyokuwa vimedumu takriban miaka 10. Reli yenu ilipofika Kigoma mwaka 1914, fosfeti ya Nauru ilikuwa tayari inapakiwa melini. Vita ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani kote kuwili. Baadaye Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na Nauru chini ya Uingereza, Australia na New Zealand kwa pamoja, ingawa Australia ndiyo iliyoendesha. Zote mbili zilikuwa nchi za dhamana za Shirikisho la Mataifa, kisha za Umoja wa Mataifa. Sisi tulitoka katika udhamini huo mwaka 1961, wao tarehe 31 Januari 1968. Kwa maneno mengine, ndugu hao wa mbali tumekaa nao katika faili moja.

Lakini mgawanyo wa watu katika kisiwa ni wa zamani kuliko Mjerumani. Watu wa Nauru waliishi katika vijumba vilivyokusanyika kando ya pwani na kuzunguka ziwa la Buada, na ardhi ilikuwa, na hata leo bado ni, mali ya familia. Wilaya ni jina la eneo ambalo familia hizo zina viwanja na minazi yao. Kitu kingine kabisa ni ukoo. Koo zao ni 12, na mtoto huingia katika ukoo wa mama yake, si wa baba. Hizo ndizo ncha 12 za nyota. Katika bendera ya bluu, mstari wa manjano ni ikweta, na nyota imewekwa chini yake kidogo kwa sababu kisiwa kipo kusini mwa ikweta kwa umbali usiofika hata digrii moja.

Kwa hiyo usitafute wilaya ya ukoo fulani. Mwanamume wa ukoo mmoja akioa mwanamke wa ukoo mwingine wa Meneng, watoto wanaolelewa palepale nyumbani wanakuwa wa ukoo wa mama, na dada wa baba yao akiolewa Anetan anaupeleka ukoo wake kule. Baada ya vizazi vichache kila wilaya ina watu wa koo nyingi na kila ukoo una watu katika wilaya nyingi. Hapo ndipo Nauru inapotofautiana na Unyamwezi wa watemi au Buha ya mwami, ambako jina la nchi, la mtawala na la watu wake yalikwenda pamoja. Kwa Mnauru, ukimuuliza "wewe ni wa wapi?" atakutajia wilaya, na ukimuuliza "wewe ni nani?" atakutajia ukoo wa mama yake. Wanaochanganya mambo hayo mawili ndio wanaoshangaa nyota kuwa na ncha pungufu.

Niliahidi kurudi Buada. Ziwa lile dogo ndilo linaloonyesha vizuri kwamba mipaka ya kisiwa hicho ilikuwa ya mikono na jasho, si ya kalamu na rula. Wenyeji walikuwa wakivua vifaranga vya samaki aitwaye ibija, ambaye watu wa pwani yetu humwita mwatiko, kwenye mwamba wa bahari maji yakiwa yamekupwa. Waliwaweka katika vifuu vya nazi, wakawazoesha maji yasiyo na chumvi nyingi kidogo kidogo, kisha wakawabeba hadi ziwani na kuwafuga hadi wakue. Ziwa liligawanywa kwa kuta baina ya familia, kila familia na sehemu yake, na samaki wa jirani alikuwa wa jirani ingawa maji ni yaleyale. Ninyi wa Kigoma mnaokesha na karabai kuvua dagaa katika ziwa lisilo na ukuta mtaona jambo hilo ni geni, lakini fikirini: pale samaki hakuvuliwa, alipandwa kama mhogo, na aliyepanda ndiye mwenye shamba.

Kilichokuja kuharibu maana ya wilaya hizo ni fosfeti. Mwaka 1900 Albert Ellis, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni moja ya biashara huko Sydney, alilitilia shaka jiwe kutoka Nauru lililokuwa likitumika kuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Alipolipima akakuta ni fosfeti safi, chakula cha mashamba ya Australia na New Zealand. Uchimbaji ulianza mwaka 1906. Wakachimba uwanda wa juu, yaani ile sehemu ya ndani ya karibu kila wilaya, wakachota udongo uliojaa baina ya mawe ya chokaa na kuyaacha mawe yenyewe yamesimama kama meno, mtu hawezi kujenga juu yake wala kulima. Takriban asilimia 80 ya kisiwa imechimbwa. Rudi kwenye kile kipande cha nanasi, Mzee: tunda limeliwa ndani, watu wamebaki kwenye ganda. Wilaya ambayo kwenye ramani inaanzia baharini hadi karibu na kitovu cha kisiwa, kwa makazi ya kweli ni ukanda wa pwani wenye upana wa mita 150 hadi 300 tu. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru, na mwaka 1993 nchi hizo zikapatana nje ya hukumu, Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107. Fedha zimelipwa, lakini mawe yamebaki yalivyo, na mipaka ya wilaya bado inapita juu yake kana kwamba kuna mtu anaishi huko.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa mashuka, stendi ya Kasulu, na ndiye niliyeanzisha mjadala huu kwa swali langu la toleo lililopita. Je, nchi zote ndogo za Pasifiki zina wilaya za jina tu kama Nauru?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nitajibu kwa mifano mitatu tu.

Samoa ina wilaya 11 zinazoitwa itūmālō, 5 katika kisiwa cha Upolu na 6 katika Savai'i, nazo ni za kale na za heshima, lakini nazo hazina serikali. Mamlaka ya kila siku yako chini zaidi, kijijini, mikononi mwa baraza la wakuu wa familia liitwalo fono, ambalo sheria ya mwaka 1990 imelitambua. Hata Apia, ambao ni mji mkuu wa kweli na rasmi, hauna manispaa wala meya; ni vijiji vilivyokaribiana hadi vikagusana, kila kimoja na fono yake.

Palau imekwenda njia nyingine kabisa. Watu wake hawafiki 20,000, na bado imejigawa katika majimbo 16 yenye katiba zao na magavana, likiwamo Hatohobei la mbali kusini, ambalo wakazi wake ni makumi machache tu. Mwaka 2006 ilihamisha makao ya serikali kutoka Koror, penye watu wengi, kwenda Ngerulmud katika jimbo la Melekeok, ambako karibu hakuna anayeishi. Binafsi naona magavana 16 ni wengi mno, lakini sijaombwa kuwalipa mshahara.

Mfano unaofundisha zaidi ni Tuvalu, kwa sababu unalingana na Nauru karibu katika kila kitu: kilomita za mraba 26 na watu wanaokaribiana nao kwa idadi. Huko kuna halmashauri za kweli, ziitwazo kaupule, zenye kazi, fedha na madaraka kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Tofauti ni bahari. Tuvalu ni visiwa 9 vilivyotawanyika, na mtu wa kisiwa cha mbali anayengoja meli kutoka Funafuti, yaliko makao ya serikali, hawezi kungoja pia ruhusa ya kuziba bomba la maji. Nauru ni kisiwa kimoja. Mkazi wa Anetan aliye na shida anapanda pikipiki, na baada ya robo saa anagonga mlango wa wizara huko Yaren. Kwa nini amlipe mtu wa kukaa katikati ya njia?

SWALI: Mhariri, kwa kuwa neno wilaya linapotosha, kwa nini msiziite mitaa au kata? Msomaji, Urambo.

JIBU: Nimelifikiria hilo kwa wiki mbili. Mtaa una mwenyekiti na kata ina diwani, kwa hiyo tungetoka kwenye kosa moja na kuingia katika lingine. Wenyewe wanapoandika kwa Kiingereza hutumia neno ambalo kila kamusi yetu inalitafsiri wilaya, na Kiswahili cha zamani kilitumia wilaya kwa maana ya eneo au jimbo tu, kabla hatujaijengea ofisi. Safu hii itaendelea kuandika wilaya za Nauru, ila haitaandika tena kwamba zina wakuu.

Mwalimu wa Ujiji, pamoja na jibu hili nimekutumia kwa posta barua ya masahihisho yenye sahihi yangu na mhuri wa gazeti. Mpelekee msimamizi wa mashindano, na mtoto arudishiwe alama yake.